Senene wa Mkunazini

Chwaka, 25 Novemba 2024

Mwanangu Muzdalifa,

Assalaam alaykum. Hamjambo wewe na mume wako, mwanangu Ahmada? Mimi mzima, mgongo tu unanikumbusha kazi ya mwani.

Sasa sikia. Wifi yako Rukaiya amerudi kutoka mjini, anasema amekukuta na mimba yako unatafuna panzi. Panzi! Kwani samaki wa Unguja wamekwisha? Najua Bukoba kwenu mna mila zenu, lakini mjukuu wangu usimlishe wadudu. Acha, tafadhali.

Mamako, Time


Mkunazini, 2 Desemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Waalaykum salaam. Mgongo umepata nafuu? Ahmada anakusalimu.

Mama, si ukaidi. Nikinusa samaki tu natapika, hata maharage hayakai. Kliniki wamesema damu yangu ndogo. Vidonge nameza, lakini wanataka nile cha kujenga mwili. Kilichotulia tumboni ni hao mnaowaita panzi, senene alionipa mama yangu mzazi nilipokwenda Bukoba. Nesi mwenyewe amewasifu, wana protini na mafuta mazuri. Wala si haramu, ni jamii ya nzige. Lakini umesema niache, nami nimeacha.

Mama yangu hajawahi kuwaonja. Enzi zao wanawake waliwakusanya alfajiri, wakawanyonyoa mbawa na miguu, wakawakaanga, lakini walioruhusiwa kula ni wanaume tu. Siku ya kunipa kopo la senene alininong'oneza, "Wewe kula."

Mkweo, Muzdalifa


Chwaka, 5 Desemba 2024

Muzdalifa,

Salamu baadaye. Kula!

Ahmada ameniambia umekonda mpaka bangili zinakutoka mkononi. Utiifu gani huo wa kuniua kwa wasiwasi? Nimemuuliza maalim wetu, akanicheka: "Nzige halali, Bi Time, hata kuchinjwa hachinjwi." Nilikosea, mwanangu.

Na hilo la mamako wa Bukoba limeninyima usingizi. Mimi ningeambiwa chungu changu ni cha kupikia wengine tu, nami nisionje, ningekivunja. Ukijifungua salama, aje nimwone.

Mamako, Time


Chwaka, 10 Juni 2025

Mwanangu Muzdalifa,

Assalaam alaykum. Vipi hali yako, na Salhiya wetu ananyonya vizuri? Mashavu yale, mashaallah! Mungu akumalizie arubaini kwa heri.

Mamako wa Bukoba alifika jana kunizuru, na mfuko wa senene wa msimu huu. Tuliwakaanga kwa vitunguu na chumvi kidogo. Kumbe nilikuwa mjinga! Wanavunjika mdomoni kama dagaa wa kukaanga, na ladha yao inakaribia korosho. Nikala, na Rukaiya mwenye maneno mengi akala akalamba vidole.

Mamako alituwekea sahani, kisha akainuka kurudi jikoni. Nikamshika kanga.

"Wenda wapi? Kaa."

"Mimi nimezoea hivi, Bi Time."

"Basi jizoeshe upya."

Akachukua mmoja, akamtafuna taratibu. Machozi yakamjaa.

"Kumbe miaka yote hii," akasema, "nilikuwa nawapa wanaume kitu kitamu hivi?"

Akavuta sahani kwake, akaimaliza peke yake, na hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono.

Mamako, Time