Magadi Katika Kibuyu cha Mama Mkwe

Mpendwa Mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako upesi, maana Jumapili ya wiki ijayo tangazo la ndoa yangu na Luciana lilikuwa lisomwe kanisani, na sasa mama yake, Mama Elina, amekwenda kwa padri kulizuia, na kosa ni langu ingawa nia yangu ilikuwa njema. Mimi ni mwalimu mpya wa sayansi huku Mungaa na natembea na karatasi za litmasi mfukoni, kwani chuoni tulifundishwa kwamba asidi huigeuza karatasi ya buluu kuwa nyekundu na kwamba asidi hutoboa hata shati, basi nilipokwenda ukweni nikapewa heshima ya mkwe, kibuyu kizima cha maziwa ya mgando, nami kabla ya kunywa nikachovya karatasi, ikawa nyekundu, nikasimama mbele ya wazee nikatangaza kwamba maziwa haya ni asidi na yatawatoboa matumbo. Nikaona niwaokoe, na kwa kuwa magadi huiua asidi na yalikuwepo pale jikoni ya kulainishia mlenda, nikamimina konzi mbili kibuyuni, nikafunga kifuniko, nikatikisa. Kibuyu kikaanza kunguruma, kifuniko kikaruka, maziwa yakamwogesha Mzee Alute, baba yake Luciana, pamoja na kofia aliyorudi nayo kutoka vita vya Burma. Mama Elina alisema tu, "Miaka thelathini nalisha watu maziwa haya, leo nimekuwa mchawi." Luciana hanisalimii tena. Nampenda sana, Mshauri. Nifanye nini?

Mwalimu Antipasi, Mungaa

Marahaba, Mwalimu.

Pole, ila pole kubwa naipeleka kwa ile kofia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe umekuja, mwenyeji akaoga maziwa.

Ulisoma ukurasa wa kwanza ukafunga kitabu. Litmasi inakuambia asidi ipo, haikuambii ina ukali gani. Ukali una kipimo chake, pH, cha kuanzia sifuri hadi kumi na nne. Saba ni katikati, kama maji safi. Chini yake ni asidi, juu yake ni besi, kama magadi yako, na kila hatua moja ni mara kumi. Maziwa ya mgando yako kwenye nne na nusu hivi. Tumbo lako mwenyewe liko karibu na mbili, yaani linayashinda maziwa ya mama wa watu kwa ukali mara mia tatu. Sasa nani angemtoboa nani? Na magadi yakikutana na asidi hutoa hewa. Umeifungia kibuyuni ukatikisa, ulitaka ipite wapi?

Nenda Jumamosi hii, mshenga wako akitangulia. Kofia ya mzee iombe, uifue kwa mikono yako. Mpelekee mama kibuyu kipya kilichofukizwa vizuri kwa moshi ili maziwa yanukie. Karatasi ziache shuleni. Kisha mwamkie, kaa chini, omba maziwa yale yale, unywe mpaka mwisho mbele ya wale wale uliowatisha.

Akikuuliza yakoje, usimwambie nne na nusu. Mwambie, "Naomba uniongeze, mama."