Simu Inayosinzia

Haapajärvi, 3 Machi 1996

Mwanangu Veijo,
Habari za Oulu? Kifua kimepona? Mimi mzima, ila goti tu.
Sasa kaa chini nikupe raha! Ule mchoro ulionichorea mezani, wa simu itakayosinzia kama paka na kuamka ikisikia jina lake tu, ili betri isiishe, nimempelekea mhariri wa gazeti letu. Kautoa wote, na maelezo yako, na jina lako. Kwenye kahawa baada ya ibada Kerttu, yule mwenye mwana daktari wa meno, kaniambia, "Aune, leo umetukomesha." Nikamjibu, "Bado, dada. Ongeza kahawa."
Mama yako

Oulu, 2 Aprili 1996

Shikamoo mama,
Kifua kimepona. Nimecheka! Gazeti la huko atalisoma nani? Jana kampuni yetu imeomba hataza: mtu yeyote akitumia ubunifu huu, sharti atulipe. Msalimie Kerttu, msipigane.
Mwanao

Haapajärvi, 9 Novemba 2009

Mwanangu,
Hujambo? Unakula? Redio imesema simu zote duniani sasa lazima zisinzie kwa namna yako, na kampuni moja kubwa ya simu haitaki kuwalipa, mmeishtaki huko Ujerumani. Nimemwambia Kerttu, "Wako anang'oa meno, wangu anafundisha majaji." Mahakamani vaa sweta niliyokufumia.
Mama yako

Oulu, 14 Desemba 2009

Mama, shikamoo.
Tumeshindwa. Mawakili wao walileta gazeti la huko, la Machi ile. Kumbe jambo likishatangazwa kabla ya kuombewa hataza, haki imekwisha, ni la kila mtu. Jaji akauliza nani alilipeleka gazetini. Nikasema mimi. Na wewe usiseme vingine, nakuomba. Kampuni inafungwa. Wenzangu hawaniitikii salamu. Nitaandika nikiweza.
Mwanao

Haapajärvi, 21 Machi 2010

Veijo wangu,
U mzima? Nijibu hilo tu, mengine acha. Sweta mpya imerudishwa na posta, wanasema umehama. Mwanangu, mimi nilitaka wakuone tu.
Jana Kerttu kaniuliza, "Veijo hajambo?" Nikasema, "Hajambo." Akangoja niendelee, si ananijua. Nikanywa kahawa yangu. Akanishika mkono.
Simu uliyoninunulia nimeiweka dirishani, hapo pasipokatika mtandao. Imesinzia. Ukiita tu, itaamka.
Mama yako