Safari ya Pwani Baada ya Eda

Jumapili, 11 Agosti

Nimechoka. Madaftari ya hesabu ya Kidato cha Pili yamenishinda, nimeyafunika kwa khanga nisiyaone. Nimefungua kitabu badala yake, kile cha kuongozea watalii, alichokisahau Mzungu mmoja kwa jirani yetu Bi Moza, mwenye nyumba ya wageni. Pemba nzima kurasa kumi na moja! Wete yetu mistari sita: mji umelala, pita tu.

Lakini kina ramani nzuri. Nimepiga mstari kwa penseli, njia yote ya pwani: Tumbe kwenye mnada wa samaki, msitu wa Ngezi, mnara wa taa wa Kigomasha, kisha kusini hadi Wambaa alikozaliwa Mama. Gari ya kukodi, mimi na yeye. Tangu Baba afariki tarehe 20 Aprili Mama hajavuka kizingiti. Eda ni miezi minne na siku kumi. Nimehesabu: anatoka Ijumaa, tarehe 30. Safari Jumamosi.

Sababu ya kweli naiandika hapa tu. Kaka Zubeir anataka kumhamishia kwake, Unguja. Mama hasemi ndiyo, hasemi hapana. Hapa nyumbani hapaulizwi kitu, wageni wa pole hawakatiki. Ndani ya gari nitamuuliza.

Jumatano, 14 Agosti

Nimemsomea Mama kitabu, nikigeuza kwa Kiswahili. Alikuwa akichagua mchele, kila jina ana lake la kusema. Tumbe — ah, hapo kaolewa Mardhiya wa mjomba wako. Ufuo mweupe wa Wambaa — hapo tukiokota chaza. Na Bi Time kaandikwa?

Nikasema hakuandikwa. Bi Time ni shoga yake wa utotoni, yuko huko huko Wambaa. Miguu haimchukui, hata mazikoni hakuweza kuja.

Mama akacheka. Mara ya kwanza tangu Aprili! Ati hichi kitabu kina fukwe tupu, wenyewe wamehamia wapi?

Jumapili, 18 Agosti

Ngwali, dereva wa gari ya kukodi, amekubali kutuendesha. Nikamwambia kitabu kinasema Wete hadi Konde ni dakika ishirini. Akauliza aliyekiandika alikuwa akifukuzwa na nani. Nimecheka, kisha uchovu ukarudi pale pale ulipokuwa.

Jumamosi, 24 Agosti

Kichwa kizito. Bi Moza kaleta udi na ubani. Nimeviweka kabatini. Mbona mapema hivi?

Jumapili, 25 Agosti

Zubeir kaingia mchana. Tiketi mbili mfukoni, yake na ya Mama. Boti ya Jumatano.

Nikamwambia haiwezekani, eda haijesha, bado hadi Ijumaa. Akanitazama.

— Rahma, mwalimu mzima! Eda unaihesabu kwa kalenda ya ukutani?

Kwa mwezi mwandamo. Bila shaka kwa mwezi mwandamo! Kila mtu anajua — Bi Moza, Shehe, mpaka watoto wa chuo cha Kurani. Kesho ndiyo siku ya mwisho. Mimi nimehesabu Aprili, Mei, Juni kama mkopo wa benki. Siku nne zimeniponyoka, na safari yangu imekwenda nazo.

Nimekwenda jikoni nikakaa juu ya mbuzi ya nazi. Mama akanifuata. Ati alijua. Alidhani nimeacha zile siku kusudi, apumzike kwanza.

Ngwali amekodiwa harusini kesho na keshokutwa. Ruhusa ya Zubeir kazini inakwisha Alkhamisi. Hakuna pa kupenya.

Jumatatu, 26 Agosti

Mama kakoga, kavaa dera jipya, kafukizwa. Dua imesomwa. Nyumba nzima inanukia, na mimi nataka kulala tu.

Alasiri alitoka hadi kibarazani. Akasimama. Karafuu zimeanikwa kando ya barabara yote, akaziangalia kama mtu anayesoma barua. Kisha akaniuliza:

— Mkoani si pwani?

— Ni pwani, Mama.

— Boti si inaondokea bandari ya Mkoani? Mwambie Ngwali Jumatano atupeleke yeye. Na kitabu chako kichukue.

Jumatano, 28 Agosti

Wambaa. Naandika uani kwa Bi Time, karatasi juu ya kile kitabu. Saa nne na robo. Boti saa sita.

Tulitoka saa moja. Zubeir katangulia na mizigo kwa pikapu, akatuusia tusisimame popote. Ngwali akajibu inshallah, ile ya Kipemba, isiyofunga mtu.

Baada ya Chake nikauliza. Mama, kwani wewe unataka kwenda?

Nikahesabu minazi. Tukafika njia panda ya Wambaa.

— Ngwali, mwanangu, kata kulia.

Basi. Hilo ndilo jibu nililopewa.

Bi Time alikuwa kwenye jamvi, miguu kainyoosha. Walishikana, wakalia, wakasalimiana upya kama watu wa heshima. Bi Time akafuta macho:

— Haya, umekuja kuniaga ama umekuja kukaa?

— Nimekuja kunywa maji.

— Maji huko Wete yamekatika?

Wamecheka mpaka Ngwali kachungulia. Maji yameletwa. Kayanywa yote. Kikombe kiko chini, kitupu, muda sasa.

Zubeir kapiga simu mara tatu. Ya kwanza nilisema tuko njiani. Ya pili nilipokea, nikakata. Ya tatu Mama akaniashiria niache iite.

Ngwali kazima gari.

Sasa hivi Mama kavuta fungu la Bi Time la miyaa ya kusukia mikeka. Nilidhani anamsaidia kusuka ukili wake, ambao umebaki kidogo. Sivyo. Kachagua miyaa mirefu, kailowesha, kauanza wake mwenyewe. Ukili wa mkeka mzima ni kazi ya wiki tatu, kwa mkono mwepesi.

Simu inaita tena. Mama haangalii. Anamuuliza Bi Time rangi ya zambarau anaipata wapi.