Mbao za Mfenesi Chini ya Kitanda cha Baba

Jumanne. Rasharasha toka asubuhi.

Mnaonisoma humu mnanijua. Mie ndiye fundi Makame, mchonga wanyama, ambaye watalii wakipita kichochoroni kwangu Mji Mkongwe huomba kupiga picha mikono yangu. Si uso, mikono. Skuli niliishia darasa la saba, lakini Maskati nshafika mara mbili, na tembo wangu mmoja amesimama hotelini huko, matajiri wanampitia wakienda kula.

Haya, majigambo yanatosha. Leo nnaandika jambo ambalo sijamwambia mtu, na wa nyumbani kwetu humu hawasomi.

Juzi tumemzika baba.

Yalianza na Bi Rukia, mama mmoja aliyejenga nyumba ya wageni Mbweni. Alitaka wanyama kumi na wawili wa ubao, wapande na ukuta wa ngazi: kima punju, paa, kobe, hata twiga, ambaye Unguja hajawahi kuikanyaga lakini wageni ndiye wanayemtaka. Wageni wenyewe wanaingia Jumamosi. Siku kumi na mbili. Fundi mwenye akili zake angekataa. Mie nikamwambia, "Bi Rukia, siku zote hizo za nini? Tutamaliza tubaki tunatazamana."

Nilianza na mwembe mbichi, maana ndio niliokuwa nao. Mti mbichi hauna adabu. Siku ya sita twiga kapasuka shingo. Siku ya saba kima kapasuka uso mzima, kama kapigwa kofi. Siku ya nane nikawa sina mnyama hata mmoja wa kumwonesha mtu.

Mbao kavu, kavu ya kweli, nilijua zilipo.

Baba alikuwa na mbao tatu nene za mfenesi chini ya kitanda chake, Kiembe Samaki. Alizipasua mwenyewe enzi za useremala wake, mwaka aliofariki mama, akatwambia: hizi ndizo kiunza changu. Kiunza ni zile mbao tunazomfunikia maiti ndani ya kaburi kabla ya kurudisha mchanga. Watu wengi hununuliwa zao siku hiyo hiyo. Baba hakutaka za kununuliwa. Kila Ijumaa akitoka msikitini alizitoa, akazipangusa vumbi, akazirudisha. Mie nikimtania, "Baba, mbao unazilea kuliko ulivyotulea sie." Naye hunijibu, "Nyinyi hamkukauka vizuri."

Miezi hii alikuwa mgonjwa, hawezi kuinama, lakini anakunywa uji wake na kelele zake anapiga. Nikajisemea, bado yupo sana. Wiki ijayo ntatafuta mfenesi mwengine, ntauweka pale pale, hatojua.

Jumatano alipolala baada ya adhuhuri, nikazivuta moja moja.

Na ntasema kweli: sijapata kuchonga kama siku zile. Patasi ilikuwa inapita kama kwenye samli. Yule kima punju alitoka anakutazama mpaka unataka kumwamkia. Nilikuwa nnapiga mluzi.

Ijumaa nikenda kumtazama.

"Makame!"

"Naam, baba."

"Nitolee mbao zangu nizipanguse."

Ulimi wangu huu haujawahi kukosa la kusema. "Nimezipeleka kibandani kwangu, baba. Nnazipiga randa zing'are."

Akageukia ukutani. Nikajua nshakamatwa. Kumbe mzee macho yamejaa machozi. "Mungu akupe kheri, mwanangu," akasema. "Nilidhani wewe ndiye usiyejali."

Nikacheka. Ndivyo nnavyofanya nikikosa pa kujificha.

Jumamosi asubuhi wanyama wote kumi na wawili walikuwa ukutani Mbweni, na Bi Rukia anapiga vigelegele peke yake kwenye ngazi. Jumapili alfajiri dada Zuwena, aliyekuwa akikaa na baba, akanipigia simu. Baba ametutoka.

Maiti hangoji. Wazee walipouliza kiunza, dada akawajibu mbele ya watu wote: "Anacho Makame. Kamtengenezea baba yake kwa mkono wake."

Nilifikiri nikimbilie Mbweni nikazing'oe. Lakini kule hakuna mbao tena, kuna kobe na paa. Nani atafunikwa na twiga? Nikenda Darajani, nikanunua mbao tatu mbichi, bado zinanuka maji, nikazipitisha randa mbio mbio nikarudi nazo begani. Watu wakanipisha njia kwa heshima.

Mie ndiye niliyeshuka kaburini kuzipanga. Moja ilikuwa imeshaanza kupinda, haikukaa. Ukabaki uwazi wa kidole kimoja, hivi, upande wa kichwa. Nikauziba kwa udongo nilioukanda kiganjani.

Baba yangu, seremala, ambaye mlango wake ukiacha uwazi wa unywele aliung'oa akaanza upya.

Leo tumemaliza khitma. Dada anamhadithia kila anayeingia: baba alikufa roho yake imetua, maana mwanawe aliyemdhania mpuuzi ndiye aliyemkumbuka. Akifika hapo hufuta machozi, na uso wake unatulia kidogo. Siku tatu hizi nimeona ni jambo hilo tu linalomtuliza. Bibi mmoja wa mtaani akanishika kichwa, akaniombea watoto kama mimi.

Asubuhi nilikuwa nshaazimia kumwambia dada. Nikamfuata jikoni, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Akainua macho. "Nini tena wewe? Njaa?" Nikasema ndiyo, njaa. Akanipakulia.

Mie akinitukana ntavumilia, akinifukuza ni haki yake. Lakini nikisema, namnyang'anya kile kidogo alichobakiwa nacho. Nisiposema, ntakuwa nnasifiwa kwa wizi mpaka na mimi nifukiwe.

Najiuliza, na nimejiuliza toka kaburini: ukweli huu nataka kuusema kwa haki ya baba, au natafuta tu mtu wa kunishikia upande mmoja wa mzigo huu?