Usitutumie Sanduku la Santuri

Kilibula, Uvira
Jumapili, tarehe 14 Novemba 1999

Mpendwa Baba mdogo Frédéric,

Amani iwe kwako huko Liège, kwa Mama mdogo Chérie na kwa watoto wote. Je, kifua chako kimepona? Mama aliposikia kwamba baridi imekurudishia kikohozi, alitaka kukutumia asali ya mlimani Rurambo. Halafu akakumbuka kwamba njia ya Rurambo imefungwa. Sisi tu wazima. Mdogo wangu Bella amepanda darasa. Mama anakula vizuri mbele ya watu.

Barua hii nampa sista mmoja anayevuka kwenda Bujumbura, ataitia posta huko. Ya kwako ilifika, lakini bahasha ilikuwa imebandikwa upya kwa uji wa muhogo. Sidhani kama huko Ulaya mnabandika kwa uji wa muhogo. Kwa hiyo mambo ya wakubwa wa hapa sitayagusa.

Umesema umeona soko la vitu vya zamani kando ya mto, na kwamba unataka kununua tena zile santuri ulizomletea Baba uliporudi kutoka masomoni, kisha umpe msafiri sanduku zima atuletee. Unaniuliza zipi zinastahili. Unakumbuka kwamba hakuna aliyejua Kiingereza nyumbani, tukaziita kwa picha za majalada yake. Baba alisema ni muziki wa watu wazima, wa kusikiliza umekaa na viatu umevua. Majirani walicheka: muziki gani hauchezeki?

Ya kwanza ni Daraja, ile ya wanaume wawili wenye ndevu. Wanaimba pamoja kama watu wanaoshusha mgonjwa mlimani kwa machela: hakuna anayemtangulia mwenzake, kwa kuwa kuna mtu katikati. Wimbo wa pili huruka tangu Bella alipoiangushia pasi. Baba hakukasirika. Aliuacha urukeruke kidogo, akijifanya hasikii, halafu akaisukuma sindano kwa ukucha wa kidole kidogo.

Nyingine ni Mama wa Koti. Ni piano na sauti ya chini. Anaimba kama mtu aliyekwisha kulia, sasa anakunja nguo. Upande wa pili ndio mzuri zaidi. Baba aliipiga wakigombana na Mama, na Mama akajua ameombwa msamaha ingawa haelewi neno.

Kiti Kitupu siipendi. Imelainishwa hadi huoni pa kushika. Yule mwimbaji simwamini kabisa, anaimba kama mtu anayekuomba umwachie funguo. Lakini Baba aliipenda kuliko zote, na mimi mpaka leo sijui alisikia nini humo.

Hayo ndiyo majibu yangu. Sasa nakusihi, Baba mdogo: usinunue hata moja.

Unajua kwamba vita hii ya pili ilipoanza mwaka jana, Baba alikuwa amepanda Rurambo kumzika shangazi yenu, njia ikafungwa nyuma yake, na hatujapata neno lake tangu hapo. Sisi tulikimbilia Gatumba, ng'ambo ya mpaka. Tuliporudi, nyumba ilikuwa imekombwa hadi milango. Sanduku la santuri na mashine yake havikuwepo. Nikahesabu kwamba vimeibwa pamoja na vitanda.

Halafu baada ya Pasaka, Jumapili mchana, nikaisikia Daraja. Ilitoka kwa Libérat, fundi viatu, jirani yetu wa nyuma, yule aliyezoea kumtania Baba: "Anastase, muziki wako unalaza kuku saa sita." Pazia limeshushwa, sauti ndogo. Wimbo wa pili ukaruka. Ukaachwa urukeruke kidogo. Kisha ukasukumwa.

Baba mdogo, nilifikiri Baba yumo mle ndani, amefichwa. Niliruka ua, nikasukuma mlango bila hodi. Alikuwa Libérat peke yake, na kitambaa mkononi.

Tangu hapo nilimchunguza. Kwa nini pazia? Nani aliwaonyesha waporaji nyumba yetu? Mwezi uliopita nikashindwa kuvumilia, nikaenda kwake.

"Papa Libérat, nimekuja kuchukua madiski ya baba."

"Nani amekutuma? Mama yako?"

"Nimejituma mwenyewe."

"Basi rudi ukajiambie kwamba weye hukuniachia kitu hapa."

"Lakini unayapiga kila Jumapili!"

"Diski ikilala inaota ukungu. Mwenyewe iko njiani. Akikuta ukungu, nani atajibu, miye ao weye na diplome yako?"

Nilimwambia Mama kwamba kesho yake naenda kumshtaki kwa mkubwa wa mtaa. Mama alikuwa anatwanga majani ya sombe. Aliuweka mchi chini.

"Irankunda, masomo yamekukausha akili? Baba yako alilipeleka lile sanduku yeye mwenyewe, kabla ya kupanda mlima. Kitu cha kuachiwa kinarudi katika mkono uliokileta. Siku Libérat atakileta kwangu, hatakuwa na haja ya kufungua kinywa. Nitanyoa nywele kama mjane."

Kumbe nilikuwa nimesimama mlangoni kwa watu nikidai msiba wa baba yangu.

Alhamisi hii Generose, mke wa Libérat, aliingia langoni na kitu cha pembe nne kichwani, kimefunikwa kitenge. Mama alikaa chini palepale, kwenye majivu. Generose akakitua, akafunua: samaki wa ndagala.

"Mama Irankunda, weye iko na malaria?"

"Hapana," Mama akasema, "iko na njaa ya ndagala."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Lakini nilimwona Generose alivyonitazama mimi. Alikuwa ameelewa. Je, alielewa kwa sababu ni mwanamke tu, au kwa sababu kuna jambo wanalolizungumza nyumbani kwao?

Ndiyo maana nakuomba. Sanduku la namna ile lisiingie langoni kwetu, hata likiletwa na mgeni asiyejua lolote. Tutumie picha za watoto. Tutumie dawa. Na usimwandikie Libérat. Wewe ni ndugu wa damu, anaweza kulichukua neno lako kuwa ruhusa ya kulirudisha sanduku.

Tena kuna hili. Jumapili iliyopita hakupiga. Umeme ulikuwepo, nilisikia kipaza sauti cha kanisa. Pazia lilikuwa wazi. Jumanne mtu mwenye koti la vumbi, wa huko juu milimani, aliingia kwa Libérat, akakaa, akatoka bila kubeba viatu. Mtu anakwenda kwa fundi viatu kufanya nini? Jumatano Mama alimwita Bella amsuke, na akamwambia akaze sana.

Mama anakusalimu. Bella anakusalimu na kuomba kalamu za rangi. Damien wa Nyamianda anauliza kama bado unacheka kwa pua. Msalimie Mama mdogo Chérie, mwambie kitenge alichotuma Mama anakivaa kanisani.

Nimeketi nyuma ya nyumba, mgongo ukutani. Saa ya Libérat ya kupiga santuri imepita. Mama anatwanga, lakini polepole, kama mtu anayesikiliza katikati ya mapigo.

Ngoja.

Sindano imeshuka. Ni Daraja. Pazia silioni kutoka hapa. Wimbo wa kwanza umekwisha. Wa pili unaruka. Bado unaruka. Mama ameshika mchi hewani. Bado.

Umesukumwa.

Mama ameendelea kutwanga. Mungu akutunze huko uliko, na mwenye santuri amtunze huko aliko.

Ni mimi mwanao, nisiyewasahau,
Irankunda