Kumwimbia Tuliyemsimanga

Jumamosi, Ipagala

Mgombea wetu kajitoa kwenye kura za maoni za urais, na leo kaipeleka kwaya yetu Chamwino tumwimbie aliyekuwa mpinzani wake, maana sasa kaamua kumuunga mkono. Mtu yule yule niliyemtungia wimbo wa “Jogoo wa shamba, mjini hawiki”!

Niliomba asinitambue. Nikaimba sifa mpya kwa sauti ya mgonjwa.

Akanisogelea. “Mama, mbona ule wa jogoo uliuimba kwa nguvu? Hebu tuupate.”

“Nisamehe, Mheshimiwa.”

“Imba, bwana!”

Nikaimba. Akacheza kuliko wote, akawika mpaka watu wakalia kwa kucheka.

Tumeagizwa kumpigia kura. Sasa nitampigia hata nisipoagizwa, na hilo ndilo linaloniudhi.