Kunde za Kibuyu cha Mama

Garissa,
Februari 1999

Mdogo wangu Wakesho,

Nakusalimu kwa mkono wangu mwenyewe, ingawa unatetemeka na mistari haikai sawa. Na wewe Mshai, mjukuu wangu, najua ndiwe unayemsomea bibi yako. Soma polepole, na ukifika mahali pagumu usiruke.

Wakesho, goti lako linaendeleaje na kile kilima cha kwenda kisimani? Yule ng'ombe mliyekuwa mkimngoja amezaa? Ukungu bado unashuka asubuhi mpaka mlangoni? Huku nimesahau hata harufu yake. Jua linatoka likiwa tayari limekasirika.

Mimi nipo. Miguu imevimba, viatu vyote vimenikataa, na nikilala chali pumzi inakatika, kwa hiyo nalala nimekaa. Daktari anasema moyo umepanuka na hauna nguvu ya kusukuma damu. Nilimuuliza kama nitaiona mvua ya Gu, ndiyo masika ya huku. Akaangalia karatasi zake akasema, "Tumwombe Mungu, Mwalimu." Nilimfundisha darasa la tano, na hata wakati ule hakujua kudanganya.

Mwanangu Yusuf bado anaendesha lori la maji kule Dadaab, anakuja Ijumaa. Aliponiona natafuta kalamu akasema, "Hooyo, mama, wewe sema, mimi niandike." Nikamwambia hii naandika mwenyewe. Akacheka, "Kwani unamwandikia mchumba?" Nikasema namwandikia mtu niliyemkosea. Aliacha kucheka, akanisogezea meza.

Nianze na bustani, maana ndiyo iliyonifikisha hapa. Huku sasa ni Jilaal, kiangazi, na kazi ya kiangazi si kupanda bali ni kuzuia kilichopo kisife. Zamani niliifanya yote mwenyewe. Nilikuwa naamka kabla ya jua, namwagia mipapai maji ya kuoshea vyombo, nafunika miche ya mchicha kwa gunia, naziba ua wa miiba pale mbuzi walipopasukuma, nachuma bamia kabla hazijawa ngumu kama kuni. Sasa nakaa kwenye kigoda kando ya mndimu na kuelekeza kwa fimbo. Anayefanya kazi ni jirani yangu Dahabo, mjane aliyetoka upande wa Hulugho, ambaye mbuzi wake waliisha kwa ugonjwa baada ya ile mvua kubwa ya mwaka juzi. Alipoanza kuja hakuwa ameshika jembe maishani mwake. "Kulima ni kazi ya mtu amekosa ngamia," aliniambia. Siku hizi anaukemea mpapai kama mtu anavyokemea ngamia, na mpapai unamsikia kuliko ulivyonisikia mimi. Mboga tunagawana.

Raha zangu ni ndogo, nazo bado ninazo. Ua la bamia linafunguka asubuhi, manjano na jicho jeusi katikati, mchana limekwisha. Kopo la kwanza la maji likimwagwa, udongo unanuka, nami nafumba macho. Korongo mmoja mkubwa husimama nje ya ua, kipara, mikono kama ameikunja nyuma, mfano wa mkaguzi wa shule.

Sasa Jumatatu iliyopita Dahabo alikuja na mfuko wa mbegu za kunde tulizoziweka kwa ajili ya Gu. "Mwalimu, jerikani imefuja, mbegu yote imelowa," akasema kwa lafudhi yake. "Lakini usijali. Nimeweka karai kwa jiko, nabasha moto kidogo, itakauka."

Wakesho, nilisimama bila fimbo. Nilikwenda mpaka jikoni nikalishika lile karai kwa mikono mitupu, nikaungua, kunde zikamwagika mchangani.

"Abaayo, dada yangu, ni kunde tu," Dahabo akasema. Akapiga magoti kuziokota moja moja. "Huku watu wamepigana kwa sababu ya kisima. Wewe unapigana kwa sababu ya maharagwe." Kisha akaniangalia usoni. "Nani amekufa, Mwalimu?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa. Nikakaa pale chini nikalia kama mtoto. Alizitandaza kunde kivulini kwenye kanga yake.

Mshai, hapa ndipo nilipokuambia usiruke.

Wakesho, unaukumbuka mwaka Mama alipokwenda matangani kwa wajomba, akakaa siku nne. Mimi nilikuwa nimerudi likizo kutoka misheni, wewe ulikuwa hujaanza shule, na hukuianza kamwe. Mama aliniachia ufunguo wa nyumba na neno moja tu: nisikiguse kibuyu cha mbegu za kunde kilichoning'inia darini juu ya meko. Siku ya pili nilikishusha. Nilitaka konzi moja ya kupika, maana nilichoka kula viazi. Nikakiacha wazi uani, nikaenda kutembea kwa rafiki yangu. Mvua ya rasharasha ikapita. Niliporudi, kunde zilikuwa zimeloana pamoja na jivu la kuzikinga na wadudu, zimekuwa tope.

Nilimwogopa Mama kuliko nilivyomwogopa Mungu wa misheni. Niliziosha, nikaweka chungu motoni, nikazikoroga kwa mwiko mpaka zikalia kavu ndani ya chungu. Nikachanganya na jivu jipya, nikakirudisha kibuyu darini. Mama aliporudi alikitikisa akakisikia kinalia, akanisifu.

Masika yalipoingia, nami nimerudi tena likizo, Mama alikuwa anaumwa mgongo. Nyumbani kwetu msichana alipofika umri wako alipewa mbegu apande mara ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe, na mwaka ule akasema kunde zote utapanda wewe. Alifukua vishimo, wewe ukafuata nyuma ukidondosha mbili mbili na kufukia kwa kisigino. Uliimba. Ulitia kunde moja mdomoni, ukatafuna, ukasema, "Mama, zinanukia kama za kukaanga." Mama akakupiga kikofi cha mgongoni: "Mbegu haziliwi, wewe mlafi." Mimi nilikuwa kwenye tuta la pili nimeshika jembe. Nilisikia. Nikainama nikaendelea kulima.

Nalitaja hili ili ujue siandiki uongo wa kukufariji. Mbali na Mama, hakuna mtu mwingine aliyekuwepo. Jiulize mwenyewe, kunde ile ilikuwa na ladha gani?

Siku ya saba ukatoka kuangalia. Siku ya kumi Mama akafukua, akakuta zimeoza. Kwa jirani, mvua ile ile, kunde zilikuwa kijani mpaka uani. Ndipo shangazi alipoushika mkono wako wa kulia, akaugeuza, akasema, "Mkono huu ni mkavu. Usimpe mbegu tena." Na Mama, aliyekupenda, hakukupa tena.

Unayajua yaliyofuata kuliko mimi, kwa kuwa uliyabeba. Ulibeba samadi, ulipalilia, ulivuna, lakini mbegu hukuigusa. Ulipoolewa, maneno yalikutangulia, na mama mkwe akamweka mke wa shemeji akupandie. Mtoto wako wa kwanza alipofariki, mwanamke mmoja alisema jikoni kwamba mkono mkavu haulei. Nilikuwa pale, namenya viazi. Kisu kilinikata kidole. Nikafunga kitambaa, nikanyamaza.

Usidhani sikujua. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mbegu ina kiini hai ndani yake, na moto ukikiua hakuna mkono wala mvua itakayokifufua. Hapa Garissa nilifundisha somo hilo kila mwaka. Niliweka makopo matatu dirishani, moja la kunde kavu, moja la zilizolowekwa, moja la zilizokaangwa, nikawaambia watoto wangoje. Kila mwaka mmoja aliuliza kwa nini kopo la tatu halioti, nami nikajibu vizuri kabisa, kwa chaki. Watoto wa watu niliwaambia. Wewe sikukuambia.

Mara ya mwisho nilipokuja nyumbani, ulinipokea njiani ukanibebea sanduku. Asubuhi ya kuondoka ukaniletea ungo wa mbegu, ukasema, "Dada, wewe una mkono mzuri. Nipandie kabla hujaenda." Nilikupandia, Wakesho. Nilipanda tuta zima nawe ukisimama pembeni, mikono umeikunja kifuani ili isiguse. Kisha ukaniandikishia barua ya kunishukuru, kwamba zimeota zote. Barua ile ninayo. Sijaweza kuisoma mara ya pili.

Kwa nini nilinyamaza? Kwanza nilimwogopa Mama. Halafu nikaona aibu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nasifiwa kila mahali kuwa msomi wa nyumba. Mama alipofariki nikasema haina faida tena. Hakuna sababu nyingine, na nimeitafuta sana wiki hii kwenye hiki kigoda.

Sasa nimeamua kusema, na sina uwezo wa kufanya zaidi ya kusema. Mama hayupo, shangazi hayupo, mama mkwe wako hayupo. Waliosema ule mkono ni mkavu wamekwenda na neno lao, siwezi kuwafuata niwanyang'anye. Kuja siwezi. Basi la Nairobi linangoja msafara wa polisi kwa ajili ya majambazi, na mimi hata kufika stendi ni mpaka nibebwe. Yusuf alisema atanileta kwa lori. Daktari akamwambia nitakufa kabla ya kufika Mwingi. Kwa hiyo ninayo karatasi hii tu, na hata hiyo sijui itakaa siku ngapi posta.

Ninachokuomba ni hiki. Mwambie Mshai aisome barua tena, kwa sauti, mbele ya mkwe wako, mke wa mwanao, anayekupandia siku hizi, na mbele ya wanawake wa jumuiya siku wakikutana kwako. Asiache jina langu. Wakitaka kunitukana waache wanitukane, ni haki yao na niko mbali.

Halafu masika yakianza, chukua mbegu mwenyewe. Najua utasita. Mtu aliyeambiwa jambo tangu utotoni halitoi kwa barua moja, na labda hata sasa unaangalia kiganja chako ukidhani dada ameanza kuweweseka. Siweweseki. Kama unaogopa tuta zima, panda kishimo kimoja nyuma ya nyumba, ambapo hakuna atakayekuona. Usingoje kwanza unisamehe. Kusamehe kunaweza kuchukua muda mrefu, na mvua haitangoja.

Msalimie shemeji, mume wako, ambaye hata siku moja hakukutajia habari ya mkono wako. Nimemheshimu kwa hilo kuliko anavyojua. Msalimie mkwe wako, mwambie simlaumu kwa kukupandia, alifanya alivyoelezwa. Msalimie yule katekista mzee aliyekuwa akituletea barua. Binamu yetu anayechunga kule chini mwambie deni la kunitembelea nimelifuta. Dahabo anakusalimu, ingawa hakujui. Nimemweleza yote jana tukichambua bamia. Akasema, "Hiyo dada yako, angekuwa kwetu, angekuita mbele ya wazee." Nikamwambia wazee hao ninawaita mwenyewe kwa barua hii. Akasema, "Basi andika haraka."

Mshai, umefanya kazi ngumu, Mungu akubariki. Mshike bibi yako bega.

Wakesho, mdogo wangu, nitakapokuwa sipo Yusuf atakuletea habari, usiache kazi ya shamba kwa ajili yangu. Panda. Na zisipoota, itakuwa ni mbegu, au mvua, au ndege wamezifukua. Haitakuwa wewe.

Dada yako,
Mghoi